Karibu ya Lionel Loueke: nani mwenyeji, nani mgeni?

Kilichonivuta kwanza ni neno lenyewe. Albamu ya jazi imetoka Marekani mwaka 2008, imebeba nembo ya Blue Note, mpiga gitaa ni Lionel Loueke wa Cotonou nchini Benin, na juu ya jalada pameandikwa Karibu. Ukipanda bodaboda za Cotonou utasikia Kifon na Kifaransa, Kiswahili hukisikii. Kifon nacho hakikosi namna ya kumkaribisha mtu. Nikajiuliza kwa nini mtu avuke bara zima kuazima neno letu, alipachike kwenye albamu yake ya kwanza katika mojawapo ya lebo kubwa kabisa za jazi. Nimeisikiliza albamu hii kwa miaka, na jibu ninaloliona limo ndani ya muziki wenyewe.

Wenye muziki wa aina hii huuita fyuzheni, yaani jazi iliyochanganywa na roki, au fanki, au raga za Kihindi, au samba, au ngoma za Afrika. Ukisoma wanavyouchambua utadhani wanazungumzia mapishi: hiki kijiko kimoja, kile vijiko viwili. Mimi swali langu ni nyumba ya nani. Katika albamu nyingi za namna hii Afrika ni mgeni aliyetandikiwa mkeka barazani. Anapewa ngoma apige kidogo, anasifiwa, kisha wenye nyumba wanarudi ndani kuendelea na mazungumzo yao. Loueke ameupindua mpangilio huo. Mdundo wa Afrika Magharibi ndio msingi, kuta na paa. Jazi, pamoja na wakubwa wake wawili, ndiyo iliyosimama mlangoni inabisha hodi.

Na hao wakubwa si watu wa kupuuzwa: Herbie Hancock kwenye piano na Wayne Shorter kwenye saksafoni ya soprano. Hancock alitoa albamu yake ya kwanza Blue Note mwaka 1962, na Shorter akaanza kutoa albamu zake mwenyewe humohumo muda mfupi baadaye. Kwa hesabu za kawaida hao ndio wenye nyumba, na kijana wa Cotonou ndiye angepaswa kuvua viatu mlangoni.

Kabla sijaingia kwenye nyimbo, lazima niseme kwamba neno la Kiswahili halikuanza kuingia jazi mwaka 2008. Mwaka 1958 mpiga tarumbeta Wilbur Harden na mpiga saksafoni John Coltrane walirekodi kipande walichokiita "Tanganyika Strut", wakati Tanganyika yenyewe bado iko chini ya Waingereza. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika, na humo Mtanganyika Tuntemeke Sanga, ambaye baadaye alijulikana nyumbani kama mwanasiasa, anasikika akisoma kwa Kiswahili shairi la uhuru lililotungwa na mshairi wa Marekani, Langston Hughes. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mambo yakafika mbali zaidi. Hancock na wenzake watano walichukua majina ya Kiswahili waliyopewa na mwanamuziki mwenzao, James Mtume. Hancock akawa Mwandishi. Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramu akawa Jabali, Bennie Maupin akawa Mwile, Julian Priester akawa Pepo Mtoto, na Eddie Henderson, mpiga tarumbeta ambaye ni daktari wa kusomea, akawa Mganga. Albamu yao ya 1971 inaitwa Mwandishi.

Mswahili akiyasoma majina hayo ataona mengine hayakukaa kama ambavyo tungeyakalisha sisi. Sioni cha kucheka. Walikuwa watu wanaotafuta jina la nyumbani baada ya karne kadhaa za kuitwa kwa majina ya wenye mashamba, na Kiswahili walikipokea kama lugha ya Afrika nzima isiyofungwa na kabila moja. Ndiyo sababu Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi iliyoanzishwa mwaka 1966, nayo ilipangwa kwa maneno yetu. Watu waliong'olewa pwani ya magharibi ya Afrika walijitafutia lugha ya pwani ya mashariki, na ikawatosha.

Sasa weka hayo pembeni ya albamu ya Loueke uone yanavyokaa. Miaka 37 baada ya kujiita Mwandishi, Hancock anaingia studio kama mgeni kwenye kazi ya Mwafrika aliyezaliwa na kukulia Afrika, na kazi hiyo inaitwa Karibu. Mwandishi amepiga hodi kwa muda mrefu. Hapa ameitikiwa, na kwa lugha ileile aliyobishia.

Loueke alizaliwa mwaka 1973, wakati Benin bado inaitwa Dahomey; jina lilibadilishwa mwaka 1975. Utotoni alianza na kucheza na kupiga ngoma, na gitaa akalishika akiwa na miaka 17. Nyuzi zilikuwa ghali na adimu, kwa hiyo alizilowesha kwenye siki ili zitakate zidumu, na zilipokatika kabisa alifunga waya wa breki za baiskeli. Aliyewahi kugusa gitaa la namna hiyo anajua waya ule unavyochana ncha za vidole na kuila shingo ya gitaa. Mwaka 1990 akaenda Abidjan kusoma muziki, mwaka 1994 akahamia Paris, na mwaka 1999 akapata ufadhili wa chuo cha Berklee kule Boston. Kutoka hapo akaenda Los Angeles, katika taasisi ya jazi iliyobeba jina la mpiga piano Thelonious Monk, ambako miongoni mwa waliokaa kumsikiliza kwenye usaili walikuwemo Hancock na Shorter. Hancock akamchukua kwenye bendi yake. Gitaa unalolisikia kwenye River, albamu ya Hancock iliyoshinda Grammy ya Albamu ya Mwaka mwezi Februari 2008, ni la Loueke. Karibu ilitoka mwezi uliofuata.

Kuna watu wawili ambao wachambuzi huwapita harakaharaka wakikimbilia majina makubwa. Massimo Biolcati wa besi, mwenye asili ya Sweden na Italia, na Ferenc Nemeth wa dramu, kutoka Hungary, walikutana na Loueke Boston wakiwa wanafunzi. Kufikia 2008 walikuwa wamepiga pamoja karibu miaka 10. Hili ni la msingi sana katika hoja yangu. Mwenyeji hawezi kupokea wageni kama watu wa nyumba yake hawaelewani, na hawa wanaelewana kiasi kwamba Loueke anaweza kuliacha pigo la kwanza, akalipita, akalirudia kwa mlango wa nyuma, na wenzake hawaulizi kaenda wapi. Nemeth, mtoto wa Ulaya ya Kati, anapiga dramu kama mtu aliyelala kwenye nyumba yenye ngoma. Hajaribu kuiga ngoma za Benin. Anaacha nafasi ambapo ngoma zingekuwepo, na gitaa linaingia kuzijaza.

Hapo ndipo penye siri yenyewe, na inafaa nikae kidogo. Loueke anapiga kwa vidole vitupu, kwenye gitaa lenye nyuzi za nailoni mara nyingi, na huwa anapenyeza karatasi katikati ya nyuzi. Nililijaribu hilo nyumbani. Nilichukua gitaa la mpwa wangu, nikachana ukurasa wa daftari la mazoezi, nikaukunja mara mbili ukawa ukanda mwembamba, nikaupitisha karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye tumbo la gitaa: juu ya uzi wa kwanza, chini ya wa pili, juu ya wa tatu, hivyo hivyo hadi wa sita. Nikapiga. Sauti ndefu ya gitaa ilikufa papo hapo. Kilichobaki ni kitu kikavu, kifupi, chenye mkwaruzo kwa chini, kama meno ya chuma ya marimba ya mkono.

Mpwa wangu alitoka chumbani mbio. "Mjomba, umeliharibu?"

Nikamwambia akae asikilize. Alikaa, akasikiliza, akasema ile sauti kama ilimba ya Wagogo aliyoiona shuleni kwenye sherehe. Nami ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kwa ukanda wa karatasi gitaa linavuliwa Uhispania wake na umeme wake, linarudi kuwa chombo cha kugonga. Loueke anagongesha pia ulimi mdomoni kama sehemu ya mdundo. Mtanzania akiusikia mlio huo atawakumbuka Wahadzabe na Wasandawe wa kwetu, ingawa yeye ameufanya kuwa chombo tu, hausemi neno lolote nao. Juu ya hayo anaimba palepale anapopiga, sauti na gitaa vikifuata njia moja, wakati mwingine sauti ikiongezwa kwa mashine ikawa kama watu watatu au wanne. Ukifumba macho wimbo wa kwanza, wenyewe uitwao "Karibu", unasikia kikundi kizima uwanjani. Ukifumbua, ni mtu mmoja na wenzake wawili.

Wimbo unaonikamata kila nikiurudia ni "Seven Teens". Mzunguko wake una mapigo 17. Idadi hiyo haigawanyiki kwa mbili, wala tatu, wala nne, kwa hiyo huwezi kutembea nayo kwa hatua sawa; lazima uchanganye hatua fupi na ndefu, na mguu ndio unaojua kabla ya kichwa. Wanafunzi wa vyuo vya muziki hupenda namba kama hizi kuonyesha wanaweza kuhesabu. Loueke haonyeshi kuhesabu. Mdundo unazunguka kama mwanamke anayetwanga huku anazungumza na jirani: mchi hausubiri sentensi iishe, na sentensi haikatizwi na mchi. Hancock anaingia humo na piano yake. Huyu ndiye aliyeifungua Mwandishi kwa kipande cha mapigo 15, kwa hiyo namba za ajabu si ngeni kwake. Lakini msikilize anavyoingia. Hachukui usukani. Anaweka sauti chache pembeni, anangoja mzunguko upite, anaongeza kidogo, na baadaye sana ndipo anaanza kukimbia.

Tuna methali kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe limetolewa siku ya kwanza, na mgeni amelipokea kwa mikono miwili.

Shorter amepewa kazi ngumu zaidi: "Naima". Coltrane aliurekodi wimbo huu mwaka 1959, akiwa ameutunga kwa ajili ya mkewe Naima, jina ambalo lipo katika nyumba nyingi za pwani yetu. Muundo wake ni huu: besi inashikilia sauti moja kwa muda mrefu, ikihamia nyingine katikati ya wimbo tu, huku juu yake mpangilio wa sauti ukibadilika polepole, kama mtu aliyesimama ufukweni mawingu yakipita. Kwa msikilizaji wa jazi hilo lilikuwa jambo jipya na zito. Kwa masikio ya Kiafrika ni jambo la siku zote. Zeze na ngoma nyingi zimesimama juu ya sauti moja tangu zamani. Loueke amelisikia hilo ndani ya wimbo wa Coltrane, akaufungua kutokea chini. Gitaa lake linaigeuza sauti ile moja kuwa mdundo unaotembea, na Shorter anakuja juu yake na soprano nyembamba, anasema kipande cha mahadhi, ananyamaza, anasema kipande kingine. Haimbi wimbo wote, maana anajua unaujua. Shorter amefariki mwaka 2023, na kila nikitaka kumkumbuka, huku ndiko ninakokwenda kwanza.

Wakubwa wote wawili wanakutana kwenye "Light Dark", kipande kilicho huru kuliko vyote, na hapo nyumba inapata mtihani. Mdundo unalegea, watu wanne watano wanaulizana maswali bila haraka ya majibu, na kwa dakika kadhaa ningeweza kudhani nipo kwenye albamu ya Shorter. Ila gitaa linaendelea kunong'ona kwa chini, limeshika kitu kidogo kinachojirudia, na ndicho kinachokufanya ujue bado uko kwa nani.

Si kila kitu kimefaulu. "Skylark", wimbo wa Hoagy Carmichael wa miaka ya 1940 mwanzoni, umepigwa kwa adabu nyingi mno. Ni mzuri, hauna kosa, na ndio tatizo lake: nasikia mwanafunzi aliyefaulu akiwaonyesha walimu kwamba kitabu amekisoma. Huo ndio wakati pekee ambapo mwenyeji amevaa suti nyumbani kwake. "Agbannon Blues" imefanya vizuri zaidi kazi hiyohiyo ya kugusa urithi wa Marekani. Ouidah, bandari ambako watu wengi sana walipakiwa melini kuuzwa utumwani, iko kilomita 40 hivi kutoka Cotonou. Bluzi ilizaliwa na wajukuu wa watu waliopita kwenye pwani kama ile. Loueke anaichukua na kuipiga bila maombolezo, kwa mapigo ya kwao, kama mtu anayempokea ndugu bila kumuuliza alichelewa wapi. Albamu inafungwa na "Nonvignon", na ndani ya jina hilo limo neno nonvi, ndugu kwa Kifon.

Niseme jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Hapa Tanzania neno jazi lilikuwa kwenye mabango kabla wengi wetu hatujazaliwa: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz. Kwa bendi hizo lilimaanisha dansi, na wapenzi wa jazi ya Marekani wamezoea kutuambia kwamba tulilitumia neno vibaya. Mimi sikubali. Sikiliza magitaa ya dansi wimbo unapofika kwenye chemko. La rithim linaacha kusindikiza, linaanza kugonga, la solo linarudia kipande kifupi hadi kinakuwa ngoma, besi inajibu. Mbaraka Mwinshehe alilicharaza gitaa namna hiyo kwa miaka mingi bila chuo cha Boston. Wazo la kwamba gitaa ni ngoma yenye nyuzi tulikuwa nalo. Ndiyo maana naamini msikilizaji aliyekulia kwenye dansi anaweza kuingia ndani ya Karibu upesi kuliko yule aliyesomea jazi vitabuni: mguu wake unaijua lugha tayari, imebaki sikio kuzoea lafudhi.

Tunayo pia mifano ya nyumba iliyojengwa upande mwingine. Marehemu Hukwe Zawose, gwiji wa ilimba na zeze kutoka kwa Wagogo, alitoa pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, albamu iitwayo Assembly, kwenye lebo ya Real World. Naipenda kwa sauti ya Zawose, sauti inayopanda kutoka tumboni hadi pembeni mwa mbingu. Lakini magitaa na mitambo vimemzunguka kama pazia, na mara nyingi namwona yeye ndiye anayetafuta pa kukaa. Niliposikia karatasi ya Loueke kwenye nyuzi nilimuwaza Zawose sana. Kama gitaa lingejifunza kutoka kwenye ilimba kabla ya kuketi nayo, pengine wangekaa sawa.

Mwaka 2010 Loueke alitoa albamu ya pili Blue Note, na akarudi kwetu kutafuta jina: Mwaliko. Humo wamo Angélique Kidjo, mzaliwa wa Ouidah, Richard Bona wa Cameroon, na Esperanza Spalding wa Marekani, wakiingia mmojammoja kupiga na kuimba naye. Kwa desturi yetu mwaliko hutangulia, karibu hufuata mgeni akifika. Yeye alifungua mlango kwanza, watu wakaingia, ndipo akapeleka barua kwa wengine. Naona alielewa neno letu kwa undani. Karibu ni kitenzi cha kusogea kabla ya kuwa salamu. Ni kumwambia mtu njoo karibu na mimi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwenye albamu hii jazi ndiyo iliyokuja na Afrika ndiyo iliyopona.

Mpwa wangu hajaitoa ile karatasi. Amebadilisha ya daftari akaweka ya kalenda, ngumu zaidi, anasema mlio unakaa vizuri. Jioni namsikia chumbani anaiandama "Seven Teens", anagonga meza kwa kiganja, anahesabu kwa sauti, anapotea kwenye la kumi na tatu, anarudi mwanzo. Juzi nilipita mlangoni nikasikia amenyamaza kuhesabu, lakini mguu bado unapiga sakafu.

"Mjomba," aliniita, "usiseme kitu, nitapoteza."